Mguu mmoja ukivimba acheni kuukanda

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi ni fundi cherehani hapa soko la Majengo Dodoma, sio nesi wala daktari, ila hili limetukuta nyumbani.

Mdogo wangu alijifungua mwezi wa tatu huko Tabora, kawaida tu bila upasuaji, alafu akapanda basi na kichanga chake kuja kupumzika kwetu Nkuhungu, anashuka stendi ya Nzuguni analalamika paja la kushoto linavuta, sisi tukasema uchovu wa safari. Siku ya tatu mguu umejaa, unang'aa, ukibonyeza na dole gumba shimo linabaki. Mama akasema ni uzazi huo, akachemsha maji akawa anamkanda asubuhi na jioni kama mzazi yeyote anavyokandwa, na mafuta ya nyonyo juu. Jirani ye akasema kakanyaga kitu. Kituo tulichoenda (sikitaji) wakampa diklofenaki na antibayotiki, mguu wenyewe hakuna aliyeugusa. Mi nikatoa futi kamba yangu nikapima chini ya goti, kushoto sentimita 42, kulia 36. Nikamwambia mama kwa tofauti hii hata suruali sishoni. Lakini na mimi nikaendelea na kazi zangu, wiki tatu zikaisha hivyo.

Altrasaundi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita kwenye mishipa, ndo ikasema kweli: damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, kuanzia nyuma ya goti mpaka kwenye nyonga. Daktari alivyosikia namba zangu za futi akacheka, akasema hata wao wanapima hivyo hivyo, tofauti ikizidi sentimita 3 wanaihesabu kuwa dalili. Aliposikia habari ya kukanda hakucheka. Donge likikatika linasafiri na damu hadi mapafuni na hapo mtu anaweza kufa kabla hamjapata bajaji.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Alituambia kuna tiba ya mrija, katheta (sio ile ya mkojo mnayoijua), nyembamba, wanaipitisha nyuma ya goti huku wanaangalia kwenye altrasaundi na eksirei, inaingia mpaka ndani ya donge lenyewe alafu dawa ya kuyeyusha inadondoka taratibu usiku kucha au zaidi, kuna na mirija ya kunyonya donge, na mshipa ukiwa umebanwa wanaweka kijibomba cha kuutanua. Wataalamu wa kazi za namna hii wamekuwa wakifundishwa Muhimbili tangu 2018. Ila inataka donge bichi, ndani ya kama siku 14, likizeeka linakuwa gumu na linashika ukuta wa mshipa. Sisi tumefika siku ya 22.

Usiku nikagugo, maana mi nikiambiwa kitu lazima nigeuze upande wa pili nione mshono. Wamarekani waliwafuatilia wagonjwa 692, wakatoa majibu 2017: waliopata mrija na waliopewa dawa za kuzuia damu kuganda peke yake, baada ya miaka 2 waliobaki na mguu mbovu walikuwa karibu sawa, 47 kwa 48 katika kila 100, na wa mrija walivuja damu zaidi. Kwa hiyo sio muujiza na sio wa kila mtu. Lakini wale wa donge lililofika nyonga kama mdogo wangu angalau mguu haukuwa mbaya sana. Tungefika mapema angalau daktari angekuwa na cha kupima, apelekwe au asipelekwe.

Ye sa hivi ni sindano za heparini tumboni alizomaliza, na vidonge vya warfarini ambavyo ananyonyesha navyo bila shida, damu inapimwa mara kwa mara. Dawa hizo zinazuia donge lisikue, kuliyeyusha mwili unajifanyia wenyewe polepole.

Naomba Mhariri muandike hili kwenye kurasa zenu za afya, na wakunga wetu wakimruhusu mzazi wamwambie yeye na mama yake: mguu mmoja ukivimba, maji ya moto weka chini, nenda ukapigwe dopla siku hiyo hiyo.

Jumamosi nilimpima tena. Kushoto 39, kulia 36.

Fundi cherehani, Majengo, Dodoma