Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mtambo Wetu wa Majitaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nizungumzie mtambo. Miaka yote tumejisifu kwamba maji tunayoyaachia kijitoni yanatoka meupe, hayanuki. Kumbe weupe ule ulibeba mbolea. Amonia itokayo kwenye mikojo iligeuzwa na bakteria kuwa naitreti, ndiyo mbolea yenyewe, ikaishia hapo, ikateremka Ziwa Victoria kulisha magugu maji. Kana kwamba yana njaa.

Mwezi wa tatu fundi aliniita alfajiri kwenye tangi la kutuamisha. Mabonge ya tope yalikuwa yanapanda juu, yamevimba kama maandazi kwenye mafuta. Ukiligusa moja kwa kijiti linatoa vipovu, linazama. Nikajua mtambo umekufa. Fundi akacheka. Bakteria waliokosa hewa, alisema, huvuta oksijeni iliyomo kwenye naitreti, na naitrojeni inayobaki huwa gesi ikaenda zake angani. Kazi tuliyoitaka ilikuwa inafanyika, ila si mahali pake.

Basi tumeihamisha. Pampu ndogo sasa inarudisha maji yenye naitreti kutoka tangi la hewa hadi tangi la kwanza lisilopulizwa hewa, ambako majitaka mabichi ndiyo chakula cha bakteria hao. Wazo si letu: mhandisi James Barnard alilifanyia kazi Pretoria, Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na wanaolalamikia LUKU wasikilize: gramu 1 ya naitrojeni ya amonia hula takriban gramu 4.6 za oksijeni ili iwe naitreti. Ikiondoka kwa njia hii, karibu gramu 2.9 tunarudishiwa, hewa ambayo tungeilipia umeme.

Fosforasi, mbolea nyingine iliyomo kwenye majitaka, yenyewe hairuki angani. Hutoka na tope tu, na tope likilala bila hewa huiachia tena majini. Hapo kamati ilikosea: tuliahirisha gari la kunyonya mara mbili, eti tunabana matumizi.

Kosa jingine si la kamati. Mwezi wa nane kuna aliyemimina chooni dawa ya kung'arishia nguo, dumu zima. Bakteria wanaogeuza amonia huzaliana polepole mno; tulikaa na harufu wiki kadhaa. Simtaji, anajijua.

Gari la kunyonya linakuja Jumamosi asubuhi. Mnaoegesha nyuma ya mtambo, tafadhali ondoeni magari Ijumaa usiku.