Mwanangu, kabla hujasaini mkopo wa kusomea hisabati

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, kwamba unataka kukopa ili usomee shahada ya hisabati, na kwamba unapima vyuo viwili, kimoja chenye sifa na kingine cha bei nafuu. Mapenzi yako kwa hisabati siyabishii. Ila kuhusu fedha umeandika sentensi moja tu, kwamba mkopo utalipika. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Tupige hesabu, maana ndiyo fani unayoitaka. Tuseme ada yote ni 100. Unakopa 25 kila mwanzo wa mwaka kwa miaka minne, riba ni asilimia 8, na inaanza kuhesabiwa siku unapopokea fedha. Siku ya mahafali hutadaiwa 100, utadaiwa karibu 122. Ukikaa miaka tisa mingine bila kulipa, deni hilo linakuwa maradufu. Na bado hatujagusa mishahara ya miaka minne ambayo ungeipata kama ungekuwa kazini. Hiyo haiandikwi kwenye fomu yoyote, lakini ni gharama, tena huenda ikaizidi ada yenyewe.

Sikukatazi kwenda. Nakukataza kukopa kwa ajili ya jina la chuo. Hisabati haidai maabara wala mitambo; inadai mwalimu anayeijua, ubao, na wenzako wa kubishana nao. Theorem ya Pythagoras haibadiliki kwa sababu ada imepanda. Kile chuo chenye sifa kikikupa ufadhili, nenda mbio. Kisipokupa, chagua kile cha bei nafuu.

Shangazi yako amesikia habari zako, akasema utaishia kuwa mwalimu tu. Hilo “tu” limeniudhi. Katherine Johnson alihitimu hisabati na Kifaransa mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 18, akaenda kufundisha shule. Mwaka 1953 ndipo alipoingia taasisi ya Marekani ya utafiti wa ndege, ile iliyokuja kuwa NASA, na mwaka 1962 mwanaanga John Glenn aliomba mama huyo ahakiki hesabu za kompyuta kabla hajarushwa kuizunguka dunia. Ubaguzi wa rangi ulimfungia milango mingi, ndiyo. Lakini ualimu ulimlisha, na elimu yake haikuoza.

Hata hivyo shangazi ana hoja yake, ingawa kaisema vibaya. Anayesomea udaktari akihitimu anaitwa daktari. Wewe ukihitimu, nje ya vyuo na taasisi za utafiti, ni nadra kuona tangazo la kumtafuta “mwanahisabati”. Utaona wanatafuta mchambuzi wa data, mtu wa kupima hatari za mikopo benki, mwandishi wa programu, au mtaalamu wa takwimu za bima. Huyo wa mwisho ana mitihani yake ya bodi, inayochukua miaka na kulipiwa ada nyingine baada ya shahada. Kwa hiyo shahada yako itaonyesha kwamba unaweza kufikiri. Unachoweza kufanya Jumatatu asubuhi utatakiwa ukionyeshe kwa njia nyingine. Soma takwimu na nadharia ya uwezekano, hata kama wenzako wanaziona za daraja la chini. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mpaka uweze kumfanyia mtu kazi akakulipa. Likizo zitumie kwa mafunzo kazini.

Watakusimulia pia habari ya Hardy, yule mwanahisabati Mwingereza aliyeandika mwaka 1940 kwamba nadharia ya namba haijaonekana kuwa na matumizi yoyote vitani. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wakazitumia namba tasa, ambazo ni sehemu ya nadharia hiyo, kutunga njia ya kuficha siri, ambayo baadaye ilikuja kulinda malipo ya intaneti. Kisa kizuri, na hutumika sana kuinadi shahada hii. Mimi nakisoma kwa upande wa mfuko: Hardy alifariki mwaka 1947, na maisha yake yote alikula mshahara wa chuo kikuu. Ukitaka njia yake, jua kuna uzamili na uzamivu mbele, na nafasi chache mwishoni.

Jambo moja linanipa wasiwasi kuliko fedha. Shuleni ulikuwa ukitafuta jibu. Chuoni swali litakuja halina namba hata moja, linasema “thibitisha”. Wengi waliokuwa wakiongoza darasa huvunjika hapo, mwaka wa pili, deni likiwa limeshaanza. Azima maktaba kitabu cha uthibitisho, ukae nacho wiki kadhaa bila msaada. Ukikwama na bado ukatamani kukirudia kesho yake, basi hisabati inakufaa.

Mimi na baba yako tutalipa mwaka wa kwanza, kwa ada ya kile chuo cha nafuu. Ukikopa miaka mitatu tu, ile 122 inashuka hadi karibu 88. Kabla hujasaini waulize: riba inatembea ukiwa bado masomoni? Malipo yanaanza lini, na hujapata kazi itakuwaje? Nitumie majibu yao pamoja na orodha ya masomo ya kila mwaka.

Akupendaye,
Mama