Tusome namba kwenye chuma, si rangi ya boneti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye matrekta wa Lindi na Mtwara, na zaidi na wale wanaojiandaa kununua. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na fedha zikaingia mifukoni, matrekta ya mtumba hutafutwa kwa haraka, maana mvua za kulimia haziko mbali. Muuzaji anasema, "Hili ni Massey 135 la mwaka sabini." Mnunuzi anaangalia boneti jekundu na stika mpya, wanapatana. Baadaye injini inafunguliwa, vipuri vinaagizwa Dar es Salaam kwa jina lile lililosemwa, na pistoni zinakuja zisizoingia. Nauli imekwenda, msimu unakwenda, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Boneti ni kipande cha bati kinachoshikwa na bolti chache. Stika zinauzwa dukani. Hata kadi ya usajili haitoshi, kwa sababu mwaka wa kusajiliwa si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa; trekta linaweza kuwa limefanya kazi miaka kumi kwingine kabla ya kufika hapa. Umri na aina ya trekta husomwa kwenye chuma chenyewe, sehemu tatu au nne, kisha zile sehemu zinalinganishwa.

Kwanza namna ya kusoma, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibu. Usiguse namba kwa grenda wala msasa mkavu. Namba zilizogongwa kwenye chuma zina kina kidogo, na kwa matrekta yaliyokaa pwani, Mikindani au Kilwa, chumvi imeshakula sehemu ya kina hicho. Loweka kwa dizeli au mafuta ya taa kwa nusu saa, sugua taratibu kwa brashi ya waya laini, futa kwa kitambaa. Paka chaki nyeupe, kisha pangusa juu juu: chaki inabaki ndani ya mikwaruzo ya namba. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Ikikataa bado, weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli iliyolala, kama watoto wanavyochora sarafu. Andika kila kitu, herufi na namba, hata alama usiyoielewa. Makosa ya kawaida ni 1 na 7, 3 na 8, 5 na S.

Sasa Massey Ferguson, maana ndiyo tunayokutana nayo zaidi. Kibati chake cha namba kipo kwenye dashibodi, karibu na nguzo ya usukani. Massey 35 linatambulika kwa boneti la mviringo, wakati 135 lina boneti la pembe. Lakini 35 lenyewe lina sura mbili ambazo mwenye duka la vipuri hawezi kuzijua kwa simu. La mwanzo lenye injini ya dizeli lilikuwa na injini ya Standard yenye silinda nne. Kuanzia mwishoni mwa 1959 likaja na injini ya Perkins ya silinda tatu. Hesabu mabomba ya dizeli yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli: manne au matatu. Kazi ya nusu dakika, na inazuia gasketi ya kichwa kuagizwa kimakosa.

Kibati cha 35 kina herufi kabla ya namba, na herufi hizo ni hazina. Chukua SNMY. S ni trekta la kawaida la shamba. N ni dizeli ya silinda tatu. Ingekuwa D, ni dizeli ya silinda nne. M ni klachi ya hatua mbili, ile ambayo pedali ikikanyagwa nusu trekta linasimama na shafti ya nyuma inaendelea kuzunguka. Ingekuwa F, ni klachi ya hatua moja. Y ni kifunga difu, kinachofanya magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Anayeagiza "klachi ya Massey 35" bila kusema M au F anabahatisha, na seti ya klachi si kitu cha kubahatisha.

Massey 135 lilitoka mwishoni mwa 1964, na yale ya Coventry, Uingereza, yana mfululizo wa namba ulio rahisi kuufuata. Ulianzia 101. Mwaka 1966 ulianza na 30283, 1967 na 67597, 1968 na 93305, 1969 na 117429, 1970 na 141426. Mwaka 1971 ulianza na 162200, kisha mwaka huohuo namba zikaruka hadi 400001. Kwa hiyo "la mwaka sabini" lenye namba 98 elfu ni la 1968, na lenye 410 elfu limetoka baada ya 1971. Yaliyotengenezwa Ufaransa na Marekani yana mifululizo yake, hivyo soma pia jina la nchi kwenye kibati kabla ya kutumia hesabu hii.

Kibati kinaweza kuhamishwa. Riveti mpya zinazong'aa kwenye dashibodi iliyochakaa, au skrubu mahali pa riveti, ni sababu ya kuuliza maswali. Ndiyo maana lazima ushuke kwenye injini.

Perkins waligonga namba kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Injini za zamani namba yake huanza na ujazo kwa inchi za ujazo: 152 ni ile ya silinda tatu, lita 2.5; 203 na 236 ni za silinda nne, lita 3.3 na 3.9. Kuanzia 1974 mtindo ulibadilika: herufi mbili za aina ya injini, tarakimu tano za orodha ya vipuri vilivyofungwa, herufi ya nchi ambayo kwa Uingereza ni U, namba yenyewe, na mwishoni kabisa herufi ya mwaka. A ni 1974, B 1975, C 1976, na kuendelea hivyo hadi H ambayo ni 1981. Zile tarakimu tano za katikati wengi huziruka, nami nasema ndizo za kwanza kumpa muuza vipuri. Perkins hizihizi zilifungwa pia kwenye jenereta, kompresa na mashine za kunyanyulia mizigo, na nyingi zimehamia kwenye matrekta. Bloku inafanana kwa nje, ila sampu (bakuli la oili), pampu na gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) vyaweza kuwa tofauti.

Mfano mmoja wa hasara: sili ya nyuma ya kranki. Injini za 152 za zamani zilitumia sili ya kamba, vipande viwili ndani ya nyumba yake. Za baadaye zina sili ya mpira ya duara zima. Ukilazimisha isiyo yake, oili inavuja kuingia kwenye nyumba ya klachi, sahani inalowa, trekta linavuta vizuri barabarani lakini likizamisha plau klachi inateleza. Mwenye trekta ananunua klachi mpya. Inateleza tena. Kosa lilikuwa namba ya injini ambayo hakuna aliyeisoma.

Ford za kuanzia 1965 zinasema siku yake ya kuzaliwa waziwazi. Tafuta sehemu bapa kwenye nyumba ya klachi karibu na stata, utakuta kitu kama 5K12B. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, herufi ni mwezi kuanzia A ya Januari, ila I iliachwa isichanganywe na moja, kwa hiyo K ni Oktoba. 12 ni tarehe. B ni zamu ya wafanyakazi. Shida ni kwamba 5 yaweza kuwa 1965 au 1975. Hapo nenda kwenye herufi zilizoinuka kwenye vyuma vya kusubu: bloku, kichwa, giaboksi. C5NN maana yake kipande kilisanifiwa 1965, kwani C ni miaka ya sitini, D ya sabini, E ya themanini, na tarakimu inayofuata ni mwaka. Trekta lenye bloku ya D haliwezi kuwa la 1965, isipokuwa bloku ilibadilishwa. Lakini C5 peke yake haithibitishi kwamba trekta ni la 1965, kwa kuwa usanifu uleule ulitumika miaka mingi.

Kwa Ford 5000 jambo hili ni la fedha kabisa. Ya mwanzo ina inchi za ujazo 233 na pistoni yenye kipenyo cha milimita 106.7. Kuanzia 1968 ikawa 256, pistoni milimita 111.8. Jina ni lilelile, silinda nne zilezile, na tofauti ya milimita tano inatosha kurudisha seti nzima dukani, kama duka linakubali kurudishiwa.

Spana nazo zinatoa ushahidi. Ford na Massey za umri huu zimefungwa kwa nati za inchi, Valmet za Finland kwa za milimita. Usipimie spana namba 19, kwa sababu inaingia vizuri kwenye robo tatu ya inchi. Tumia 14: kwenye kichwa cha 9/16 ya inchi haiingii. Ukikuta giaboksi ya inchi na injini ya milimita, umeshajua kwamba hayakuzaliwa pamoja.

Namba zikigongana, kipi kiaminiwe? Mimi naamini giaboksi na ekseli ya nyuma, kwa sababu ndivyo vizito na hubadilishwa mara chache. Injini inakuja ya pili. Boneti, rimu, usukani na taa havina ushahidi wowote. Trekta lililochanganywa si lazima liwe baya, linaweza kulima Ruangwa na Masasi miaka mingine ishirini. Lakini bei yake isiwe ya trekta zima, na vipuri viagizwe kwa sehemu: klachi kwa giaboksi iliyopo, pistoni kwa injini iliyopo.

Kuna jambo la mwisho, Mhariri, na linanikera. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu za mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951, mradi uliojengewa bandari ya Mtwara na reli ambayo leo haipo. Kwenye mradi ule zilitumika tingatinga za Marekani zilizobaki baada ya vita, na Shervick, trekta la minyororo lililotengenezwa Uingereza na Vickers kutokana na kifaru cha Sherman. Kipande chochote cha aina hiyo kilichobaki porini au nyuma ya karakana kinapimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu. Kabla hakijakatwa kwa gesi, mtu akisome. Caterpillar ina namba inayoanza kwa tarakimu na herufi: 2U ni D8 ya 1945 hadi 1953, 3T ni D7 ya 1944 hadi 1955. Ferguson dogo la kijivu lina kibati chenye herufi TE, nalo likiwa TEF ni la dizeli, aina iliyoanza 1951.

Naomba maofisa utamaduni na maofisa kilimo wa wilaya wafungue daftari moja tu: kijiji, aina, namba ya kibati, namba ya injini, alama za kusubu, na picha mbili. Mwenye mali abaki na mali yake na auze akitaka, ila namba iwe imeshaandikwa.

Fundi wa matrekta,
Nachingwea, Lindi