Huku tambarare, somo

Shangani, Mtwara
Julai

Somo yangu,

Barua yako nimekabidhiwa stendi pamoja na kile kifuko cha korosho. Bibi jirani keshakula nusu, kwa hiyo shukrani zake na zangu.

Umenicheka sana. Unasema mtu aliyezoea kupanda kwa miguu kutoka Shimo la Mungu, lile bonde letu la Newala, hana haki ya kulalamikia barabara isiyo hata na tuta. Tena umeongeza kwamba wakimbiaji hutoka milimani, pwani hutoka wavuvi. Haya, cheka. Lakini mwezi wa pili nilibakiza kidogo niviuze viatu vya kukimbilia, na ningependa ujue sababu.

Mlima unakutesa, ila unakuonyesha mateso yanapokoma: ule mwembe pale juu, basi. Ukifika unageuka, bonde lote la Ruvuma liko chini yako, na wewe mwenyewe unaona kazi uliyofanya. Huku hakuna juu. Unauona mnara wa simu mbele, unakimbia robo saa nzima, uko palepale kama umekununia. Kilomita ya tatu haina tofauti na ya nane. Na miguu nayo haipumzishwi: huko kwetu misuli hupokezana, ya kupandia na ya kushukia, lakini tambarare ni hatua ileile na msuli uleule mpaka nyumbani. Ugoko uliniuma hadi nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Jumlisha joto la wakati ule, jasho linatoka lisikauke, halafu vijana wa bodaboda wanauliza, "Dada, nani anakukimbiza?" Nikawa najitafutia udhuru. Leo mawingu, kesho kufua.

Aliyenikomesha ni mama mmoja anayekaanga vitumbua njia ya Mikindani. Nilikosa siku nne, siku ya tano nikapita, akaniita na upawa mkononi: "Wewe mbona huonekani? Mimi nakuhesabia." Kumbe kila nikipita anajua saa imefika ya kumwamsha mwanawe aende shule! Siku hiyo nilikimbia kwa aibu, somo, na aibu ina nguvu kuliko ari. Sasa nikiwa na safari au homa namuaga kabisa, kama mtu na mwajiri wake.

Mlima nao nimeupata, ila hauonekani kwa macho. Ni kusi, upepo utokao kusini. Jioni zikianza zile pepo zake nachagua njia itakayonifanya niende nikiukabili, na kurudi nikiwa nao mgongoni. Kwenda unasukumwa kifuani kama unagombana na mtu mlangoni. Kurudi unajiona bingwa. Usije ukaanza upepo ukiwa mgongoni, maana deni lake utalilipa umeshachoka. Mimi nililipa mara moja, nikarudi nikitembea.

Bahari ndiyo iliyoniondolea ule uchovu wa kuona kitu kimoja kila siku. Maji kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ufuko haukupi saa ile ile mara mbili. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, saa kumi na moja jioni maji yamejaa, mchanga wa kukimbilia hakuna, naenda zangu barabarani. Siku nyingine yakitoka alfajiri nakimbia kwenye mchanga mbichi ulioshikana, halafu dakika chache kwenye ule mkavu unaozamisha mguu, na hapo vigimbi vinakumbuka Newala. Ila ufuko umeinama kuelekea majini. Ukienda upande mmoja tu nyonga inalalamika, sharti urudi njia uliyoendea.

Barabarani nacheza na nguzo za umeme: tatu mbio, mbili polepole. Jumapili naenda hadi boma la zamani la Mikindani na kurudi, kama kilomita 20 hivi. Saa ya mkononi naiacha nyumbani, maana nikiiangalia tu njia inarefuka.

Sasa hiyo hoja yako ya milima. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, kazaliwa Singida, hilo nakupa. Lakini ile Septemba 2025 kule Tokyo, baada ya kilomita 42, ubingwa wa dunia uliamuliwa ndani ya uwanja, mahali tambarare kama sebule. Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele wakiukaribia utepe, Simbu akamnasa palepale. Wote wakaandikiwa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Tangu siku ile, mita zangu za mwisho kabla ya geti nazikimbia kana kwamba kuna Mjerumani mbele yangu. Mlinzi wa jirani alidhani nafukuzwa na mbwa, akatoka na fimbo.

Agosti ukishuka, usije siku yoyote tu. Tazama mwezi angani: ukishafika nusu, hesabu siku mbili tatu ndipo upande basi, alfajiri yake maji yatakuwa yametoka. Lete viatu vikuukuu, chumvi haina huruma na vipya. Na uje na hela ndogondogo, kwa sababu mama wa vitumbua nimeshamwambia tutapita wawili, na yeye hakopeshi wageni.

Wasalimie wote nyumbani, na mwambie mama mguu umepona.

Mimi somo yako