Mjomba, pampu usinunue kwanza

Maskati

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo, ila joto halitoi nafasi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Gari linazima Pongwe likirudi na machungwa ya Muheza, likikaa kivulini nusu saa linawaka kama halikuwa na lolote. Fundi keshakuuzia betri na plagi, sasa anataka pampu ya petroli.

Betri ilionewa tu. Umesema mwenyewe stata inazungusha kwa nguvu, na betri iliyochoka haizungushi hivyo. Vichwa vyake visugueni hata hivyo, pamoja na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, maana chumvi ya bahari hapo Tanga haina huruma na chuma.

Ninachotaka kujua ni linavyozima. Likikata ghafla, kama mtu kazungusha ufunguo, mara nyingi ni umeme. Likianza kukohoa na kukosa nguvu kwanza, hapo pampu au filta ya petroli ishukiwe. Kwa Corolla la 1994 lenye injini ya 5A, linalozima likipata moto na kuwaka likipoa, mimi nashuku distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche. Ndani yake mna koili ndogo inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Waya wake mwembamba ukikatika kidogo, joto linautanua unaachana, ukipoa unagusana tena. Fundi akiletewa gari limeshapoa ataona nini? Ndiyo maana anabahatisha kwa pesa yako.

Kwa hiyo lipimwe pale pale lilipozimia. Salim aweke plagi moja nzima garini. Likigoma, achomoe waya mmoja wa plagi, auchomeke kwenye hiyo ya akiba, ailaze chuma kwa chuma juu ya injini mbali na petroli, asiishike kwa mkono, wewe upige stata. Cheche isipoonekana, pampu haina kesi. Ikionekana ya buluu na yenye nguvu, tutarudi kwenye petroli, na hapo kabla ya pampu kuna rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, ambayo risasi iliyoungia nyaya ndani yake hupasuka kwa uzee. Na wale vijana wa barabarani wasikumwagie maji kwenye injini. Yakiingia distribyuta utakuwa na maradhi mawili.

Jambo jingine, na hili mwambie fundi kwa upole asije akanuna: asichomoe betri kabla ya kusoma kumbukumbu ya kompyuta, kwa sababu akichomoa inafutika. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Aunganishe matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, afungue swichi bila kuwasha injini, ahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara moja, ikatulia, kisha mara mbili au tatu, ni ile ishara ya mzunguko inayopotea. Moja kisha nne ni upande wa cheche za plagi. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haikuweka kosa lolote. Asikosee matundu, mengine yanaunguza.

Salim anirekodie hiyo taa kwa simu anitumie. Ikithibitika ni distribyuta nitakutafutia iliyotumika huku, nitampa mtu anayerudi. Mpaka hapo machungwa yapandishe kwenye daladala, na usiku njia ya Muheza usiende nalo.

Bibi mpe shikamoo yangu. Ile hela ya dawa nimeituma kwa simu ya Salim, asiseme haijafika.

Mpwa wako,
Rashidi