Shemeji, hesabu saa zake kabla hujaongeza nyingine

Shemeji,

Najua unavyompenda mpwa wangu. Viatu, nauli, ada ya kilabu, vyote unatoa bila kunung'unika. Ndiyo maana nakuandikia waziwazi, na wazazi wengine wa Nairobi wenye watoto wanaokimbia wasome pia.

Tupige hesabu. Binti ana miaka 13. Kilabuni anafanya mazoezi saa 2 Jumanne, saa 2 Alhamisi, saa 2 na nusu Jumamosi. Shuleni ni saa moja na nusu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Halafu unamwamsha alfajiri siku tano, dakika 45 kila siku, na Jumapili mnapanda vilima vya Ngong saa nzima. Jumla inakaribia saa 16 kwa wiki. Kocha anajua saa zake, mwalimu wa michezo anajua zake. Zako hawazijui wote wawili.

Kipimo kinachotumiwa sana na madaktari wa watoto wanamichezo ni chepesi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Apumzike kabisa angalau siku moja kila wiki, na akae mbali na mchezo huo miezi 2 hadi 3 kwa mwaka, hata kwa vipande. Usingizi wa umri wake ni saa 8 hadi 10. Akilala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na nusu, anapata 6 na nusu tu.

Linalonisumbua zaidi, hata kuliko saa hizo, ni ile safari ya kurudi nyumbani. Kabla hajafunga mkanda unamuuliza, "Leo umekimbia ngapi?" Akipunguza sekunde, anapata shilingi 500. Akichelewa, gari zima linanyamaza hadi mnafika. Mtoto hujifunza haraka kwamba furaha ya baba iko kwenye saa ya kocha, na kuanzia hapo maumivu yanakuwa siri. Kocha hupunguza mazoezi kwa kusikia mtoto anasema nini, asiyesema haokolewi. Mwili ukichoka, muda unaharibika. Wewe unaona uvivu, unaongeza mbio za alfajiri, naye anazidi kuchoka.

Dalili ziko wazi ukizitafuta: hasira zisizo na sababu, kukosa hamu ya chakula, mafua yasiyoisha, miguu mizito hata siku ya mazoezi mepesi. Asubuhi kabla hajainuka kitandani, ahesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, wiki moja, mjue kawaida yake. Yakizidi kwa 5 hadi 10 siku kadhaa mfululizo, apumzike, na mwangalie kama ana homa. Lakini yakiwa sawa usijidanganye kwamba hajachoka. Tabia yake husema mapema kuliko mapigo. Kama ameshavunja ungo na hedhi ikakatika miezi mitatu, mpeleke kwa daktari. Mara nyingi chakula anachokula hakitoshi kwa kazi anayofanya.

Na ule muundi anaoushikashika. Bonyeza mfupa kwa kidole, taratibu, toka chini ya goti hadi kifundo cha mguu. Maumivu yakienea kwenye urefu wa mfupa, apunguze mbio. Yakiwa mahali pamoja padogo kama sarafu, aache kukimbia siku hiyo hiyo, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Eksirei ya wiki za kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo picha safi isiwe ruhusa ya kurudi uwanjani.

Haraka ya nini, shemeji? Hata mashindano ya dunia ya riadha ya chini ya miaka 18 yaliyofanyika Kasarani 2017 yalikuwa ya mwisho. Yalifutwa baada ya hapo.

Ondoa alfajiri na Jumapili, zinabaki saa 11. Zile 500 ziache. Mbio za muhula huu achague mwenyewe na kocha wake. Kwenye gari muulize kama kuna mahali panauma, na akisema ndiyo, mpigie kocha jioni hiyo hiyo, binti mwenyewe akisikia.