Salamu za Krismasi kwa wajukuu wa Babu Mchungaji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwenu wana wa Shangazi mlioko Sengerema, kwenu wa Nyakato, Igoma na Kisesa, kwenu mliotawanyika hadi Dodoma na Dar, na nyote mliowahi kula pilau uani kwetu siku kama hii: heri na baraka za kuzaliwa kwake Bwana wetu. Kila mwaka neno hili huandikwa na mkubwa wa familia. Mkubwa mwenyewe alikuwa Shangazi. Sasa zamu ni yangu, nivumilieni.

Mwaka umekuwa mzito. Juzi nilishuka Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, kutafuta sato wa sikukuu, nikauliza bei mara mbili nikidhani sijasikia vizuri, nikarudi nyumbani na sado ya dagaa. Mchele umepanda, mafuta ndiyo usiseme, na fundi cherehani naye anadai uzi umepanda. Basi mtoto atakayevaa nguo ya Krismasi iliyopita asione haya. Koti langu mimi mnalijua.

Shangazi alituacha mwezi wa Aprili, Pasaka ikiwa imepita wiki moja tu. Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa Juni. Miaka yote alivuka kwa pantoni kuja kwetu siku ya mkesha, amekalia begi lake kwenye foleni, kanga mbili mabegani, akigombana na wauza karanga. Alikuwa akisema siku watakapolifungua atalivuka kwa miguu, aone kama ni kweli. Nililivuka mimi, Julai, ndani ya basi. Zile kilomita tatu ziliisha kabla sijamaliza kumkumbuka vizuri, nikageukia dirishani kwa sababu jirani yangu wa kiti alikuwa mgeni.

Yeye ndiye aliyetunza daftari la Babu, na kila Krismasi baada ya chakula alitusomea ukurasa mmoja. Ule wa 1956 naukumbuka kwa moyo: "Sadaka sh. 7/30. Kuku wawili. Mayai 13. Michembe debe moja. Udaga kikapu. Mmoja hana kitu, ameimba." Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, udaga ni muhogo mkavu. Senti zenyewe zilikuwa zile zenye tundu katikati. Akina mama walizitunga kwenye uzi wa katani wasije wakazipoteza njiani, na usiku Babu alifungua mafundo mbele ya taa ya chemli, Shangazi, wakati huo binti mdogo, akihesabu na vidole vikinuka shaba.

Vijana wetu hudhani Uanglikana huku Kanda ya Ziwa ulianza 1963, dayosisi ya Victoria Nyanza ilipoundwa na Maxwell Wiggins wa New Zealand akawa askofu wake wa kwanza. La. Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, walifika Kageyi, pwani ya kusini ya ziwa, mwaka 1877, na Desemba ya mwaka huohuo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Mwenzao Mackay alikufa kwa homa Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Halafu mwaka 1909 kituo chao cha Nasa kikakabidhiwa wenzetu wa African Inland Mission, ndiyo maana majirani wengi hapa ni wa AIC, kanisa lililozaliwa na misheni hiyo, na sisi tunaulizwa tumetoka wapi. Tumetoka Ugogo, jamani. Babu alisoma chuo cha Kongwa, akapewa uchungaji, akatumwa ziwani kuwatafuta kondoo waliotawanyika: mafundi wa reli, makarani wa vinu vya pamba, walimu, huku watu watatu, kule familia moja.

Mtaa wake wa kichungaji ulikuwa baiskeli. Kanzu, kikombe, divai na Kitabu cha Sala vyote vilikaa kwenye sanduku la bati nyuma ya kiti. Na Krismasi, kama mjuavyo, ni mvua. Tope jeusi la mbuga linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa, unasimama, unachokonoa kwa kijiti, unaendesha hatua ishirini, unasimama tena. Mara nyingi alifika kanisani kaibeba baiskeli begani. Mshahara wake haukukaribia wa Mzungu aliyefanya kazi ileile kwenye gari; Shangazi hakulificha hilo, nami sioni kwa nini nilifunike kwa ajili ya sikukuu.

Basi wapendwa, nisemeje? Tunapiga picha za keki, lakini sadaka tunatafuta sarafu ya chini kabisa mfukoni. Tunashona sare za sikukuu, na mchungaji wetu anapanda bodaboda kwa mkopo kwenda kumzika mtu wetu. Tubadilike! Mzee aliye peke yake apelekewe sahani. Mgonjwa atembelewe, asitumiwe tu ujumbe. Na ninyi mnaovutana kwa ajili ya kile kiwanja cha Kisesa tangu Februari, majina siyataji, mnajijua: Neno linasema acha sadaka yako madhabahuni, nenda ukapatane kwanza na ndugu yako. Mkesha haujafika, muda upo. Mtakujaje kushika mkono mmoja Meza ya Bwana na mwingine umeshika hati ya mahakama?

Nimeanza kuhubiri, na kanzu sina.

Daftari sasa liko kwangu. Jana nililifungua kuchagua ukurasa, nikakuta nyuma kabisa, baada ya mwandiko wa Babu, Shangazi alikuwa akiendelea kimyakimya na wino wa bluu: kila Krismasi, kila mmoja wetu, na alicholeta. Wa mwaka jana umeandikwa hivi mbele ya jina langu: "Mchele kilo tano. Kachelewa."

Ibada ni saa tatu asubuhi. Anayekuja na watoto aje na mkeka. Mungu awajalie Krismasi njema na mwaka mpya wa 2026 wenye afya na riziki. Mwaka huu naandika mimi, na kalamu nitakuwa nayo pale mlangoni.